Hilux, matairi ya 265/75R16 na lita sita zilizosemekana kuibiwa

Gari lenyewe ni Toyota Hilux dabo kebini, 4x4, injini ya dizeli 2KD-FTV ya lita 2.5, gia tano za mkono. Linafanya kazi mikoa ya Iringa na Njombe: kubeba pembejeo na watu kwenda vijijini kwa barabara za udongo, lami ya Mafinga na Makambako, na mara kwa mara safari ya Morogoro inayopitia Mlima Kitonga. Lilikuwa na matairi ya 205R16 kwenye rimu za chuma za upana wa inchi 6. Yalipolika, yakanunuliwa 265/75R16 pamoja na rimu za inchi 7, na sababu zilikuwa za msingi: tumbo la gari lilikuwa linagusa katikati ya barabara zilizochimbwa na malori, na matairi membamba yalikuwa yakikatwa na mawe.

Miezi minne baadaye malalamiko yalikuwa yamejaa. Mhasibu aliona gari lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita sasa linakwenda 8.9, akamshuku dereva. Msimamizi wa usafiri alikuwa anapokea tahadhari za mwendo kasi kutoka kwenye traka (kifaa cha GPS kinachofuatilia gari), huku dereva akiapa kwamba hajawahi kuvuka kilomita 80 kwa saa. Dereva naye alikuwa na lake: mlimani gari limeishiwa nguvu, na gia ya tano haifai mpaka barabara iwe tambarare kabisa. Fundi alisikia harufu ya klachi na akapendekeza klachi mpya, na kwa kuwa gari "halivuti", akaongeza nozeli (vinyunyizio vya mafuta kwenye injini) zikapimwe.

Klachi na nozeli vingebadilishwa vyote viwili na malalamiko yangebaki palepale.

Chaki kwanza

Watu wengi huanza na namba za ubavuni. 265/75R16 maana yake ni upana wa milimita 265, ubavu wa asilimia 75 ya upana huo, na rimu ya inchi 16: (265 × 0.75 × 2) + 406.4 = karibu milimita 804 za kipenyo. 205R16 haina namba ya pili kwa sababu ni mpangilio wa zamani ambao ubavu wake ni wa takriban asilimia 80. Kipenyo chake cha kawaida ni kama milimita 736. Anayedhani kukosekana kwa namba ni sawa na asilimia 70 anapata jibu la uongo tangu mwanzo.

Hata ukizijua, namba za ubavuni ni za tairi lisilobeba uzito. Tairi lililo chini ya gari hubonyea kidogo, na kinachohesabiwa na spidomita ni urefu linaotembea kwa mzunguko mmoja likiwa na mzigo. Kwa hiyo: jaza upepo unaotumika siku zote, pakia mzigo wa kawaida, tafuta sakafu tambarare, chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na sakafuni, sukuma gari mizunguko kumi kamili kwa mstari ulionyooka, kisha pima kwa futi kamba. Mizunguko kumi, kwa sababu kosa la sentimita mbili kwenye mzunguko mmoja ni karibu asilimia moja, na kwenye kumi halina maana.

Kwa gari hili 265/75R16 zilitoa mita 24.52. Tairi la akiba la 205R16 ambalo halikuwa limetumika, likafungwa nyuma kwa ajili ya kipimo tu, lilitoa mita 22.45. Gawanya: 1.092. Namba hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikijificha kwenye malalamiko yote manne.

Yale ya zamani yaliyolika yalitoa mita 22.15. Ukilinganisha na hayo, siku ya kubadilisha matairi, dereva aliruka karibu asilimia 11 kwa mara moja, ndiyo maana alilihisi badiliko tangu siku ya kwanza wakati hesabu ya karatasi inasema tisa.

Spidomita na traka

Spidomita haijui kilomita. Inahesabu mizunguko, na kiwanda kimeiambia kila mzunguko ni umbali fulani. Gurudumu likirefuka, gari linatembea zaidi kuliko sindano inavyosema.

Hapa wengi hukosea kwa kusema "basi sindano ikiwa 80, gari lipo 87". Spidomita hutoka kiwandani ikidanganya kwa upande wa usalama. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inakataza sindano kuonyesha mwendo mdogo kuliko halisi, na inaruhusu izidishe hadi asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 juu yake. Kumbukumbu za traka za kabla ya kubadilisha matairi zilionyesha kwamba dereva aliposhika 80 ya dashibodi, mwendo wa GPS ulikuwa 75 hadi 76. Zidisha 76 kwa 1.092: unapata 83. Ndiyo namba iliyokuwa kwenye tahadhari za traka, wiki baada ya wiki, 83 na 84. Dereva alikuwa anasema kweli kuhusu sindano, na traka ilikuwa inasema kweli kuhusu gari.

Kwenye makazi ya watu, ambako mwisho ni 50, sindano ya 50 ilikuwa sasa ni karibu 52 halisi. Zamani ilikuwa chini ya 48. Ile akiba ndogo ambayo madereva huitegemea mbele ya tochi ya trafiki ilikuwa imetoweka.

Lita sita

Kihesabu kilomita, tofauti na sindano, kwa kawaida hakizidishwi makusudi. Kilipimwa kwa mawe ya kilomita ya barabarani: kilomita 20 za mawe, dashibodi ikasoma 18.3. Ishirini gawanya kwa 1.092 ni 18.3. Sawasawa.

Sasa chukua ujazo mmoja wa lita 60. Dashibodi ilisema gari limekwenda kilomita 534. Kwa kilomita 10 kwa lita, mhasibu alitegemea lita 53.4, kwa hiyo lita 6.6 hazina maelezo. Lakini umbali halisi ni 534 × 1.092 = kilomita 583. Kilomita 49 zilikuwepo barabarani bila kuandikwa, na hizo peke yake zinakula lita 4.9. Zinabaki lita 1.7, ambazo gari limezitumia kweli: matairi mapya ni mazito kwa kama kilo saba hadi tisa kila moja, ni mapana, kashata zake ni za matope, na dereva anashinda kwenye gia za chini kuliko zamani. Matumizi halisi yalikuwa kilomita 9.7 kwa lita. Hasara ipo, lakini haifiki hata asilimia tatu.

Kosa hilohilo linaingia kwenye sevisi. Oili inayobadilishwa kila kilomita 5,000 za dashibodi ilikuwa inakaa kilomita 5,460. Anayebaki na hali hii bila kurekebisha spidomita afanye sevisi dashibodi ikisoma 4,580.

Gia: asilimia nane inavyokula zaidi ya nusu ya nguvu ya kupandia

Difu la gari hili, yaani gia za ekseli zinazopokea nguvu kutoka kwenye propela (shafti ndefu chini ya gari), ni 4.100: meno 41 ya krauni, gia kubwa, kwa 10 ya pinioni, gia ndogo. Kama huna uhakika na difu lako, si lazima ulifungue. Weka giaboksi huru, zuia magurudumu kwa vigingi, achia breki ya mkono, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Lizungushe mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, mizunguko 20 ni sawa na 10 ya krauni: propela ikizunguka 41, difu ni 4.1. Hii ni kwa difu la kawaida lisilo na loki wala klachi ndani.

Ukigawanya 4.100 kwa 1.092 unapata 3.75. Gari lilikuwa linatembea kana kwamba mtu ameliwekea difu la 3.75 bila kumuuliza dereva. Kwenye gia ya tano (uwiano wa 0.838), mwendo halisi wa 80 ulihitaji mizunguko 2,040 ya injini kwa dakika, sasa ni 1,870. Kwa 60 ilikuwa 1,530, sasa 1,400. Injini hii huanza kutoa torki (nguvu ya kuzungusha) yake yote karibu na mizunguko 1,600. Ili gia ya tano iifikie hiyo 1,600 gari lazima liende 68 au 69, wakati zamani ilitosha 63. Malalamiko ya dereva kuhusu gia ya tano yalikuwa sahihi kwa namba.

Wauzaji wa matairi hupenda kusema mizunguko ikishuka mafuta yanapungua. Kwa gari dogo tupu kwenye lami tambarare kuna ukweli kidogo. Kwa pikapu yenye mzigo kwenye nyanda za juu, injini inayosukumwa chini ya 1,600 huku mguu ukikandamiza pedali inatoa moshi, inapasha joto na haiokoi kitu.

Sehemu inayopotosha zaidi ni ya mlimani, kwa sababu asilimia nane inasikika kuwa ndogo. Chukua gari na mzigo wake, jumla kilo 2,700, likipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 70 kwa saa, gia ya nne. Mlima peke yake unadai nyutoni 1,590 hivi za msukumo. Msuguano wa matairi unadai kama 400, upepo kama 280. Jumla karibu 2,270. Injini kwenye torki ya nyutonimita 260, kupitia difu la 4.1 na matairi ya zamani, ikipoteza asilimia 12 njiani, inafikisha barabarani nyutoni 2,625. Akiba ni 350. Kwa matairi mapya inafikisha 2,400, na akiba ni 130.

Msukumo umepungua kwa asilimia 8.4. Akiba, ambayo ndiyo inayokuwezesha kulipita lori au kurudisha mwendo baada ya kona, imepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Ukiongeza magunia mawili, au upepo wa mbele, gia ya nne inashindwa na dereva anashuka ya tatu, anabaki nyuma ya malori. Nozeli hazihusiki hapo.

Klachi nayo ina hesabu yake. Kuondoka na mzigo kwenye mwinuko, gia ya kwanza (4.313), mwendo uleule wa kilomita 10 kwa saa ulihitaji mizunguko 1,310, sasa 1,200. Ili injini isizime, dereva anaizungusha juu na kuiachia klachi iteleze muda mrefu zaidi. Harufu inatoka hapo. Sahani ilipimwa, ilikuwa na unene wa kutosha, ikaachwa. Mpaka gari lirekebishwe, kuondoka kwenye matope au mlima mkali kulifanywa kwa gia nzito za transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), ambazo zinazidisha kwa 2.566.

Breki hazikulalamikiwa na mtu, lakini zimo kwenye hesabu hiyohiyo: kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 9.2, mguu nao unatakiwa kukandamiza zaidi kwa kiasi hichohicho ili gari lisimame kwa umbali ule ule, kabla hujahesabu uzito wa magurudumu yenyewe. Kushuka Kitonga kwa gia ya tatu, injini nayo inashika kidogo kuliko zamani. Aliyezoea kushuka na ya tatu ashuke na ya pili.

Njia zilizokuwepo

Jedwali hili linalinganisha difu tatu zinazopatikana kwa urahisi kwenye familia ya Hilux, kwa hesabu ileile ya mlima:

| Tairi na difu | Sawa na difu la | Mizunguko kwa 80, gia ya 5 | Akiba mlimani (nyutoni) | Sindano ya 80 ni kweli |
|---|---|---|---|---|
| 205R16, 4.100 | 4.10 | 2,040 | 350 | 76 |
| 265/75R16, 4.100 | 3.75 | 1,870 | 130 | 83 |
| 265/75R16, 4.300 | 3.94 | 1,960 | 250 | 79 |
| 265/75R16, 4.556 | 4.17 | 2,080 | 400 | 75 |

Kulikuwa na njia ya nne ambayo ingekuwa rahisi kuliko zote kama matairi yasingekuwa yameshanunuliwa: 245/75R16. Kipenyo ni kama milimita 774, ongezeko la asilimia 5. Sindano ya 80 ingekuwa karibu 80 kamili, na mlimani dereva angepoteza kiasi kinachovumilika. Zinataka rimu ya inchi 6.5 au zaidi, kwa hiyo rimu mpya zisingeepukika. Mwenye rimu za inchi 6 anayetaka urefu ule ule wa 265/75 anaweza kuangalia 235/85R16, ambayo inakubali rimu hizo. Kulazimisha 265 kwenye rimu ya inchi 6 kunabana mabega ya tairi ndani, katikati inalika haraka na ubavu unayumba gari likiwa na mzigo.

Kwa anayetembea zaidi lami na mizigo midogo, 4.300 ina mantiki: spidomita inajirekebisha karibu kabisa na injini haipigi kelele. Gari hili linabeba mzigo na linapanda. Ilichaguliwa 4.556, meno 41 kwa 9.

Kubadilisha difu, na mahali kazi huharibika

Difu mbili, mbele na nyuma, siku moja. Kukiwa na 4.556 nyuma na 4.100 mbele kuna tofauti ya asilimia 11. Ukiunganisha 4x4 mahali pakavu, magurudumu hayana pa kuteleza, na kinachokatika ni mnyororo wa transfa au jointi. Kama difu moja imechelewa kufika, gari litembee kwa magurudumu ya nyuma tu, na kila anayeliendesha aambiwe.

Krauni na pinioni hununuliwa jozi moja zikiwa na namba za kufanana. Krauni ya jozi hii na pinioni ya jozi ile italia hata kama meno yanahesabika sawa. Badilisha beringi na sili zote, na spesa ya pinioni inayobonyea, ambayo ni ya kutumika mara moja tu. Fundi anayeirudisha ya zamani na kukaza nati "mpaka ishike" ndiye anayerudishiwa gari baada ya mwezi likiwa na beringi ya pinioni iliyoungua. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni ipimwe kwa dayo geji: 0.13 hadi 0.18 milimita kwa difu la nyuma la inchi 8. Kisha paka rangi ya alama kwenye meno kadhaa, zungusha kwa mkono huku ukizuia krauni kidogo, na tazama mguso. Ukiwa katikati ya jino, funga. Ukiwa kwenye ncha, pinioni iko mbali na inahitaji shimu (washa ya kurekebisha nafasi) nene zaidi. Ukiwa shinani, ipunguze. Oili ni GL-5 80W-90, mpaka ifike kwenye tundu la kujazia gari likiwa tambarare.

Kilomita 800 za kwanza bila mzigo mzito, na katika safari za mwanzo simama kila nusu saa difu lipoe. Baada ya hapo oili imwagwe na kubadilishwa. Vumbi la chuma laini kama masizi ni la kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida.

Spidomita inasoma wapi

Jambo hili liamuliwe kabla ya kununua kifaa chochote. Kwenye gari hili sensa imefungwa kwenye transfa, kwa hiyo inahesabu mizunguko ya propela. Difu la 4.556 linaizungusha propela zaidi kwa kila kilomita, na spidomita ikajirekebisha bila kuguswa: dashibodi 80, GPS karibu 75. Imerudi upande wa usalama, na tahadhari za traka zikakoma.

Magari ambayo dashibodi inapata mwendo kutoka sensa za ABS magurudumuni hayanufaiki. Kule difu haina habari, na kosa la asilimia 9.2 linabaki hata baada ya difu mpya. Njia ya kujua: chomoa plagi ya sensa ya transfa na uendeshe mita chache. Sindano ikifa, inasoma hapo. Ikiendelea, inasoma magurudumuni, na dawa yake ni kisanduku cha kurekebisha mapigo kinachowekwa kati ya waya wa sensa na dashibodi, kikizidisha kwa 1.092, au juu kidogo ukitaka akiba zaidi.

Hilux za zamani zenye waya wa spidomita ni rahisi zaidi. Kwenye transfa kuna gia ndogo ya plastiki inayozungusha waya. Hesabu meno yake na ugawanye kwa 1.092: ya meno 33 inakuwa 30. Meno machache yanazunguka haraka, sindano inapanda. Wapo wanaonunua yenye meno mengi wakidhani kubwa inakwenda na tairi kubwa, na kosa lao linakuwa maradufu.

Yaliyobaki

Tairi la akiba la 205R16 liliondolewa. Likifungwa nyuma upande mmoja na 265 upande wa pili, difu inazunguka ndani bila kupumzika. Likifungwa mbele ukaunganisha 4x4, yanarudi yale ya difu zisizolingana. Tairi la akiba la 265 lilibana chini ya bodi na likafungwa kwenye fremu nyuma ya kebini. Mbele, matairi yaligusa madigadi usukani ukikatwa wote na springi zikibonyea, hivyo plastiki ya ndani ilikatwa sentimita mbili na madigadi yakasogezwa nyuma.

Kitabu cha gari nacho kilirekebishwa. Kati ya kufungwa matairi na kubadilishwa difu, dashibodi ilihesabu kilomita 9,000. Halisi ni 9,828, na zile 828 ziliandikwa kwa kalamu kwenye ukurasa wa sevisi, pamoja na tarehe na urefu wa mizunguko kumi uliopimwa. Kuanzia difu mpya kihesabu kinazidisha kidogo, chini ya asilimia mbili, kwa hiyo mhasibu atapata kilomita kwa lita nzuri kuliko hali halisi, na hilo limeandikwa palepale ili asije akamsifu dereva bure.